Sabufa Inapoongea Yenyewe: Mwingiliano wa Masafa Majumbani na Nani wa Kulaumiwa

Mama mmoja wa Tabata alituletea sisi, wakaguzi wa masafa wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), malalamiko ya maandishi kwamba sabufa yake inasoma Kurani yenyewe kila saa kumi na nusu alfajiri, ilhali ameizima. Kabla ya kuja kwetu alikwishamwita shehe, akamwita na fundi redio. Fundi aliifungua, akabadilisha kapasita mbili ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Tulipofika tuliikuta sabufa imezimwa kwa rimoti tu. Taa nyekundu ya mbele ilikuwa inawaka, na taa hiyo ikiwaka kifaa hakijazimwa, kimelala. Kijana wa chumba cha pili, anayetenganishwa na sebule ya mama kwa ukuta mmoja wa tofali, aliwahi kuunganisha simu yake na sabufa hiyo kwa Bluetooth siku ya arobaini ya mtoto. Tangu siku hiyo simu na sabufa zinatambuana. Alaramu yake ya kuamkia swala ilikuwa ni kisomo, na kila alfajiri ilitokea upande wa pili wa ukuta. Tulifuta jina la simu ile kwenye sabufa, kazi ya dakika mbili.

Yule mama hakuwa na tatizo la masafa, yaani mawimbi ya redio kuingia kwenye kifaa yasikotakiwa. Lakini wengi wanaokuja kwetu wanalo, na wanazidi kuongezeka kwa kuwa nyumba zetu sasa zimejaa vifaa: spika za Bluetooth, taa za LED, ving'amuzi, busta za antena, chaja za bei nafuu, mitambo ya sola. Ndiyo maana nimeona niandike.

Niliseme moja kwanza, kwa heshima zote. Sabufa haina jini. Mnara wa simu nao hausikilizi mazungumzo yako kupitia spika yako. Kinachoingia kwenye waya wa spika ni wimbi linalokuja kwako, hakuna neno lako linalotoka kupitia hapo. Nimelieleza hili kwenye mikutano ya mitaa mara nyingi mno, na bado kuna watu wanaoamua kukata waya wa mnara au kumtukana jirani mwenye redio ya upepo, ile ya kuongea kwa mawimbi, badala ya kutazama waya zao wenyewe.

Waya wowote wa chuma ni antena, hata kama haukununuliwa kwa kazi hiyo. Wimbi la redio ya FM lina urefu wa mita tatu hivi, kwa hiyo kipande cha waya cha sentimita 75 kinalipokea vizuri sana. Waya wa spika uliozungushwa dirishani juu ya nondo una mita nne au tano. Wimbi likishaingia, linafuata waya hadi kwenye transista, vile vipande vidogo vya kukuzia sauti ndani ya amplifaya. Transista haikutengenezwa kupokea redio, lakini wimbi likiwa na nguvu hulikata upande mmoja, na kinachobaki ni umbo la sauti. Amplifaya inalikuza kama inavyokuza chochote kingine. Hata kutu kati ya vyuma viwili vilivyogusana inaweza kufanya kazi hiyo ya kukata. Mawimbi yanayobeba sauti kwa kupanda na kushuka kwa nguvu, kama ya masafa ya kati, ya masafa mafupi na yale ya marubani, ndiyo hutoa maneno yanayoeleweka. FM mara nyingi huishia kuwa mvumo tu.

Mlio unaojulikana kuliko yote ni ule wa tit-tirit-tit-tirit unaotangulia simu kuita. Kanisa moja lilitulalamikia kwamba kituo cha redio kinawaharibia ibada. Tulikaa benchi la mbele tukasikiliza. Mlio ulikuja mara tatu katika mahubiri, na mara zote tatu kiswaswadu cha mzee wa kanisa, kilichokuwa juu ya mimbari sentimita kumi tu kutoka kwenye waya wa maiki, kiliwaka mwanga sekunde mbili baadaye. Simu ya 2G, yaani ya mtandao wa zamani kama kile kiswaswadu, haitumi wimbi mfululizo. Hulituma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na kwenye masafa ya megahezi 900 inaruhusiwa kufikia wati mbili. Mapigo 217 kwa sekunde ni mlio ambao sikio la binadamu linausikia bila shida. Waya wa maiki ulikuwa umeungwa katikati kwa gundi ya karatasi, na wavu wa shaba unaotakiwa kuukinga ulikuwa umekatika pale pale penye muungo. Kituo cha redio hakikuhusika kwa lolote.

Ukiangalia waya wa chaja ya kompyuta ndogo utaona mara nyingi kuna kinundu cheusi, kinene kama pipa dogo, karibu na ncha. Ndani yake kuna feraiti, aina ya udongo wenye sumaku ya chuma. Kazi yake ni kuzuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya huku umeme wa kawaida ukiendelea. Vinundu hivyo vinauzwa vya kufungua na kufunga. Pitisha waya wa spika ndani yake mara mbili au tatu, karibu kabisa na amplifaya, na waya uliozidi uufupishe, usiuzungushe na kuuacha nyuma ya kabati. Malalamiko mengi yangekwisha hapo bila kutufikia.

Redio ikikwaruza tu, bila sauti ya mtu, chanzo huwa kwa kawaida ni kifaa kinachozalisha kelele hizo, na mara nyingi kimo ndani ya nyumba yako mwenyewe. Chukua redio ya betri, itege kwenye kituo kinachokwaruza, kisha zima swichi kuu ya umeme wa nyumba. Kelele zikikoma, anza kuwasha taa moja moja na chaja moja moja hadi zirudi. Taa ya LED isiyo na kichujio ndani inaweza kuzima FM chumba kizima.

Kwa wenye televisheni za antena, tatizo lina historia yake. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Masafa ya juu yaliyokuwa ya televisheni yakapatiwa kazi ya intaneti ya simu, na yale ya megahezi 700 yalinadiwa mwaka 2018. Busta za antena za zamani hazijui hilo. Zinakuza kila kitu hadi megahezi 862, pamoja na mnara wa simu ulioko nyuma ya nyumba, na king'amuzi kinazidiwa na picha inakatika vipande vipande. Hapo mnara upo mahali pake kisheria. Kinachotakiwa ni kichujio kabla ya busta, au kuiondoa busta yenyewe. Walio mjini karibu na kituo cha kurushia matangazo hawaihitaji.

Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo wananchi wengi wanapokosea. Mlalamikaji huja akitaka tumfungie jirani. Lakini kanuni za kimataifa za redio, zinazosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU), zinaposema mwingiliano wenye madhara zina maana ya mwingiliano unaohatarisha huduma za usalama na za kuongozea ndege na meli, au unaoharibu vibaya, kuzuia au kukatiza mara kwa mara huduma ya mawasiliano ya redio. Spika si huduma ya redio. Haina masafa iliyopewa, kwa hiyo haina haki ya kulindwa na kanuni hizo. Geuza adapta au kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani usome maandishi madogo: kifaa kisisababishe mwingiliano wenye madhara, na kikubali mwingiliano wowote kitakaoupata, hata ule utakaokifanya kifanye kazi isivyotakiwa. Mtengenezaji amekwishakuambia. Jirani mwenye leseni, anayetumia masafa yake na nguvu aliyoruhusiwa, hana kosa kwa sababu sabufa yako imemsikia.

Ikiwa hana leseni, hayo ni mambo mengine. Kwa Tanzania masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, Sura ya 306, pamoja na kanuni za mwaka 2018 za mawasiliano ya redio na masafa. Kutumia masafa yanayohitaji leseni bila kuwa nayo ni kosa la jinai, na kifaa kinachotoa mawimbi ya redio hakina budi kiwe kimeidhinishwa. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na vifaa vinaweza kutaifishwa. Kutokujua si utetezi, ingawa tukimkuta mtu mwenye nia njema tunapenda kuanza kwa kumwelekeza.

Nataja kwa makusudi simu za mezani zisizo na waya ambazo ndugu huleta kutoka Marekani. Zile zenye maandishi ya DECT 6.0 hutumia megahezi 1920 hadi 1930. Kwetu huku, masafa hayo ndiyo simu za 3G zinayotumia kuufikia mnara. Simu moja sebuleni inaweza kuwakera wateja wa mtaa mzima, na mwenye nayo hatajua kamwe. Ukitaka ya aina hiyo, nunua iliyotengenezwa kwa masafa ya 1880 hadi 1900. Vivyo hivyo busta za kukuza mtandao wa simu zinazouzwa madukani: usifunge bila kibali.

Msidhani kifaa cha nyumbani ni kidogo mno kuleta madhara. Oktoba 2004, katika mji wa Corvallis, jimbo la Oregon, Marekani, televisheni ya kijana mmoja wa chuo ilianza kutoa wimbi kwenye megahezi 121.5, masafa ya kimataifa ya kuomba msaada. Satelaiti za uokoaji zikalinasa, na askari na waokoaji wakamgongea mlango. Aliambiwa aizime, la sivyo angelipa faini ya dola 10,000 kwa siku. Ndiyo sababu malalamiko yanayogusa masafa ya ndege, yaani megahezi 108 hadi 137, yale yaliyopakana na FM, hatuyapangi foleni.

Ukishajaribu niliyoyaeleza na tatizo likabaki, andika barua au fika ofisi yetu ya kanda: Arusha, Dodoma, Mbeya, Mwanza, Zanzibar, au Dar es Salaam. Taja mtaa na namba ya nyumba, tarehe na saa za kila tukio kwa angalau siku tatu, vifaa vyote vilivyokuwa vimewashwa, na kituo au maneno uliyoyasikia. Eleza ulizima nini na nini kikatokea. "Inasumbua kila wakati" haitusaidii, kwa sababu gari la kupimia masafa tunalipanga kwa saa. Wakaguzi wakija, waombe kitambulisho kabla hujawafungulia, na usimpe yeyote pesa mkononi. Na rekodi sauti hiyo kwa simu kabla hujahamisha waya hata mmoja. Mara nyingi tunafika tukakuta sebule imepangwa upya kwa ajili ya wageni, spika zimesogezwa, na hakuna tena cha kupima.