Hao weupe kwenye kioo si lazima wawe minyoo, acheni kumwaga dawa

Picha ileile imenifikia tena, safari hii kutoka Kisasa, Dodoma: kioo cha tangi la samaki la maji chumvi, vidoa vyeupe vimetapakaa, na swali, "Niweke dawa gani ya minyoo?" Usiweke. Dawa ya shaba itaua kamba, konokono na matumbawe yako, halafu utabaki hujui ulikuwa unapigana na nani.

Zima taa za tangi, ngoja saa moja, mulika kwa tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu. Mnyonye mmoja kwa bomba la sindano, mweke kwenye sahani nyeupe na maji ya tangi lenyewe, umtazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukimtia kwenye maji ya bomba atakufa, na maiti haikusaidii, maana tunamtambua kwa mwendo.

Anayeruka kwa kushtukashtuka, milimita 1 hivi, ni kopepodi, kijidudu jamaa ya kamba. Jike mwenye mayai hubeba kifuko kimoja au viwili nyuma. Ni chakula cha samaki, furahi. Anayeteleza taratibu, bapa, bila miguu, huyo ndiye mnyoo bapa. Weupe wengi hawana shida, ingawa wengine hula kopepodi. Wa rangi ya kutu wenye ncha mkiani huzaliana hadi kufunika matumbawe: wavute kwa mpira wa maji kila unapobadilisha maji. Usiwaue wote kwa mpigo, kwa kuwa sumu ya miili yao inaweza kuua samaki. Amfipodi na isopodi nao ni jamaa ya kamba. Amfipodi amebanwa mbavuni na hujikunja, mwache. Isopodi amebanwa juu na chini. Akiwa na macho makubwa na anaogelea kwa kasi, mtoe, kwani wapo wanaong'ata samaki.

Sasa suala la siki, ambalo limewapoteza wengi Dodoma. Maji ya visima yana madini, na watu hufidia kwayo maji yaliyokauka. Kwenye mstari wa maji hujengeka utando mweupe, wanauita mayai. Ushauri unaozunguka ni kudondoshea siki: kikitoa mapovu ni chokaa, si kiumbe. Hapana! Kuna minyoo wadogo wanaojenga vibomba vya milimita 1 hadi 3 vilivyojizungusha kama konokono, na vibomba hivyo ni chokaa pia, hutoa mapovu vilevile. Tazama umbo na mahali. Utando hauna umbo, hukaa pale maji yanapokaukia. Kibomba kimejiviringisha, kipo chini ya maji, na mnyoo akitulia huchomoza taji la vinyweleo. Hana madhara. Kwa kufidia, tumia maji ya RO, yaani yaliyochujwa hadi madini yakaondoka.

Jina kamili la spishi silitoi kwa picha ya simu. Kopepodi hutenganishwa kwa miguu na antena chini ya hadubini, na vitabu vinavyoweka picha moja na jina moja huonyesha uhakika ambao picha haina. Naishia kwenye kundi, na kundi linatosha kuamua umwache au umtoe. Nitumieni video ya sekunde 20, rula ikiwa kando ya sahani.