Maji yaliyomo ndani ya enkyerere

Enkyerere, yaani beri za porini, zikiiva huku Kabale, Uganda, watu huniletea chupa zilizoharibika za likeri, yaani pombe kali iliyolowekwa matunda na kutiwa sukari. Moja inatoa povu, nyingine imeota ukungu juu, ya tatu inanuka siki. Wenyewe husema matunda yalikuwa mabaya. Mara nyingi matunda hayana kosa. Kilichokosewa ni hesabu ya maji.

Chukua waragi, pombe kali ya Uganda, ya kiwandani, mililita 700, yenye kilevi asilimia 40. Humo mna mililita 280 za kilevi tupu, na hazitaongezeka. Ukitia kilo nzima ya matunda, umetia pia karibu mililita 850 za maji, maana beri ni maji kwa sehemu kubwa. Yanatoka polepole na kuungana na waragi, na kilevi kinashuka hadi kama asilimia 18. Halafu watu huchemsha sukari kwa nusu lita ya maji na kumimina. Sasa umebaki na asilimia 13 hivi, nguvu ambayo baadhi ya hamira huivumilia. Hiyo si likeri tena, inaanza kuchachuka kama tonto, pombe ya ndizi. Miaka ya mwanzo nilifanya hivyohivyo, nikaziba chupa kwa nguvu, ikapasuka usiku kabatini. Nilisikitika sana, yalikuwa matunda ya siku tatu za kuchuma.

Siku hizi natumia gramu 500 za matunda kwa chupa hiyo moja, na maji siongezi hata tone. Naloweka wiki nne gizani, kwenye mtungi wa kioo, nikihakikisha matunda yamezama, kwa sababu linaloelea ndilo linaloota ukungu. Nikishachuja natia gramu 200 za sukari kavu na kutikisa kila siku mpaka iyeyuke. Kilevi hubaki kama asilimia 22. Nikitumia ntuntunu, yale matunda madogo ya manjano yanayokaa ndani ya kifuko kikavu, nazikata katikati, la sivyo ganda lake laini linazuia ladha isitoke. Za kijani naziacha kabisa, kwani tunda lisiloiva lina sumu.

Kuhusu waragi yenyewe sibembelezi mtu: lira-lira, yaani pombe kali ya kienyeji, isiyojulikana ilikotoka usiitumie. Mwaka 2010 hapahapa Kabale watu wengi walikufa kwa pombe iliyokuwa na methanoli, aina ya kilevi chenye sumu. Kuiwasha moto uone mwali wa bluu si kipimo, na kuloweka matunda hakuiondoi.

Mnaochuma, angalieni msichume kwa makosa lantana, kichaka cha maua. Imejaa kwenye nyua zetu, na vishada vyake vyeusi vinafanana na enkyerere kwa mtu mwenye haraka. Ponda jani: la lantana linakwaruza na lina harufu kali, na maua yake madogo huchanganya rangi kwenye kishada kimoja. Enkyerere ina majani yaliyogawanyika na miiba iliyopinda kurudi nyuma, inayoshika nguo. Mimi huchuma kandokando ya njia za vijijini, mbali na mashamba ya viazi yanayopuliziwa dawa.

Unapochuja, acha kitambaa kidondoshe chenyewe usiku kucha. Ukikikamua, likeri inachafuka na haitulii ikawa angavu, na rangi ile nyekundu ya kupendeza inapotea. Matunda yanayobaki bado yana kilevi kingi, kwa hiyo yaweke mbali na watoto.