Ringi Zako Hazikuliwa na Oili

Juzi tena. Msumeno wa mnyororo uko mezani, mwenyewe kasimama na ringi mpya mkononi, vile vipete vya chuma vinavyozunguka pistoni, keshazinunua. "Fundi, nibadilishie tu hizi. Oili niliyouziwa ilikuwa feki, imenimalizia ringi."

Sikumuuliza oili gani. Nilifungua kifuniko, nikatoa chujio la hewa, nikapitisha kidole kwenye koo la kabureta. Kidole kikatoka na vumbi jekundu. Nikamwonyesha. Akakitazama, kisha akasema, "Sawa fundi, lakini ile oili…"

Basi nimeamua kuandika. Atakayekuja kesho na hadithi hiyo hiyo asome hapa, mimi nikiendelea kufungua skrubu.

Oili tuimalize haraka. Changanya 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, au kama mtengenezaji wa mashine alivyoandika. Oili mbovu huacha masizi, hugandisha ringi ndani ya mfereji wake na huziba tundu la ekzosi. Ikikosekana kabisa, pistoni hukwama ndani ya silinda mapema tu, wala hutahitaji fundi kukuambia. Lakini ringi iliyosagika ikawa nyembamba huku pistoni haina hata alama ya kuungua, hiyo imesagwa na mchanga.

Nimesema mchanga, si unga wa mbao, na hapa ndipo ninapochoka na watu. Mtu akiona chujio limevaa unga wa mbao anashtuka. Unga wa mbao ni laini: unaziba, hausagi. Kinachosaga ni punje za mchanga zilizonasa kwenye magome ya gogo lililoburutwa chini, na zile zinazorushwa unapokata kisiki usawa wa ardhi. Chujio lililojaa uchafu kwa nje linafanya kazi yake. Mimi naliogopa lile linalong'aa, lililogongwa kwenye gogo kila jioni mpaka mdomo wake ukapinda na haukai tena sawasawa kwenye kabureta. Hewa ni mvivu kama maji, hupita penye upenyo. Ukimwachia mwanya mwembamba kama ukucha, hana haja ya kuhangaika na chujio.

Sasa fuata safari ya hiyo hewa. Kwenye injini ya mipigo miwili haiendi moja kwa moja juu ya pistoni. Pistoni ikipanda, hewa na mafuta huvutwa chini, kwenye chumba cha krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ikishuka, huvibana na kuvisukuma juu kupitia njia za pembeni. Kwa hiyo vumbi lililopenya hukutana kwanza na sketi ya pistoni (ubavu wake wa chini) upande wa kabureta, halafu beringi za krenki na ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), ndipo lifike kwenye ringi. Ringi ziko nyuma kwenye foleni! Ukiniletea ringi zilizosagwa na vumbi, swali langu la kwanza ni hali ya beringi, na hakuna mteja aliyewahi kufurahia swali hilo.

Kiasi cha hewa nacho watu hawakifikirii. Injini ya sisi 50 (cc, yaani sentimita za ujazo) ikizunguka mara 12,000 kwa dakika huvuta mara 200 kila sekunde. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni lita 10 kwa sekunde, lita 600 kwa dakika. Kiuhalisia silinda haijai kiasi hicho, lakini hata ukikata nusu bado ni hewa nyingi kupita kwenye kijichujio kinachoenea kiganjani.

Toa sailensa, toa kabureta, chungulia pistoni pande zote mbili. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi, na alumini iliyopakaa kwenye silinda, ni joto: mchanganyiko mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi), hewa inayovuja mahali, au kweli oili haikuwemo. Upande wa kabureta ukiwa wa kijivu kilichofifia, na ile mistari myembamba ya kiwandani imefutika, ni vumbi. Picha za vitabuni huonyesha pistoni zilizokufa kwa sababu moja moja. Zinazofika kwangu mara nyingi zimekufa kwa mbili, na kuna siku nimeshika pistoni nusu saa nzima nisiweze kusema ipi ilianza.

Nyingine inayonikera: "Chujio likiziba, mchanganyiko unakauka, pistoni inaungua." Kinyume chake! Chujio lililoziba ni kama choki, kile kizibo cha hewa cha kuwashia, iliyofungwa nusu, petroli inazidi, moshi unazidi. Kabureta nyingi za sasa zina njia inayounganisha kiwambo (utando unaoongoza petroli inayoingia) na upande safi wa chujio, kwa hiyo mchanganyiko haubadiliki sana, nguvu tu ndiyo inashuka. Balaa ni kinachofuata. Mtu anaona nguvu imeshuka, anachukua bisibisi na kukaza skrubu ya H, ile inayopunguza au kuongeza petroli ya mwendo kasi. Amekausha mchanganyiko kwa mkono wake. Kesho anasafisha chujio, mashine inalia kwa sauti nyembamba tamu, anafurahi. Keshokutwa tunaonana.

Kulisafisha si elimu ya juu. Funga choki kabla ya kulitoa, uchafu usianguke ndani. Piga brashi, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa. Ukitumia upepo wa kompresa, pulizia kutoka ndani kwenda nje, taratibu. Usiloweke kwenye petroli. Mimi hupaka grisi kidogo sana kwenye mdomo. Vumbi likipita pembeni, njia yake naiona pale.

Turudi kwenye ringi. Wateja hupenda kuibinya kwa vidole na kutangaza kwamba "imelegea." Ringi hii ina unene wa milimita 1.2 au 1.5, haikuumbwa kuwa springi ya gari. Mkazo wake mwenyewe ni mdogo. Kazi kubwa hufanywa na gesi ya mlipuko inayoingia nyuma yake na kuisukuma ibane ukuta wa silinda. Ndiyo maana ringi nzima iliyogandishwa na masizi haina faida. Cha kupima ni mwanya kati ya ncha zake mbili: ingiza ringi peke yake kwenye silinda, inyooshe kwa pistoni, pima kwa fila (vile vibati vya kupimia mianya). Ukizidi milimita 1, imekwisha. Pima pia mfereji wake kwenye pistoni, kwani ukiwa umepanuka, ringi mpya itacheza humo. Na ukuta wa silinda una ngozi nyembamba ya kromu au nikeli juu ya alumini. Haichongwi kama silinda ya chuma. Ikishatoboka, ringi mpya inaliwa.

Na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda? Geji ikisoma psi 150 inanifurahisha, chini ya 110 utavuta kamba mpaka bega liume. Katikati hapo siapi. Nimewahi kuwa na mashine ya 125 inayokata vizuri, na ya 150 isiyotaka kutulia ikiachwa bila gesi kwa sababu sili za krenki zilikuwa zinavuja hewa, kitu ambacho geji hiyo haikioni.

Yule wa juzi, mwanya wa ringi zake za zamani ulipita milimita 1, hapo alikuwa na haki. Alizonunua ni za 1.5, mfereji wa pistoni yake ni wa 1.2. Na chujio jipya hakununua.