Michezo ya Kufahamiana: Watoto Wazoeane Bila Kuaibishana

Likizo ya mwezi wa sita ikifika, vikundi vya watoto huku Nyanda za Juu Kusini hujaa sura mpya. Mbeya mjini, katika kundi moja, utakuta mtoto wa Mwanjelwa, mwingine kaja kwa shangazi yake kutoka Kyela, na mwingine ambaye wazazi wake wamehama Makete juzi tu. Walezi wengi huanza kwa kuwasimamisha mmoja mmoja mbele ya wenzao: taja jina, darasa, unapoishi. Ndugu walezi, naomba tuuache utaratibu huu. Mwenye haya anaishia kutetemeka tu, na majina ishirini yakitajwa mfululizo hakuna anayeyashika.

Kipimo cha mchezo wa siku ya kwanza ni hiki: kila mtoto ahitajiwe na mwenzake, na asitolewe mtu nje.

Anza na kuchangamsha mwili. Asubuhi za Juni na Julai, iwe Uyole au Mafinga, watoto hufika wamejikunyata ndani ya masweta, mikono mfukoni. Ukiwaambia wakae waongee, hawataongea. Wapange duara, watoto 10 hadi 15, wakizidi fanya maduara mawili. Toa mpira wa matambara uliofungwa vizuri kwa kamba, usioumiza. Anayerusha huita kwanza jina: "Lugano, huo!" Lugano anadaka, anajibu, "Asante, Neema," kisha anatafuta wa kumrushia. Akisahau jina, anauliza, "Nikumbushe jina lako." Aliyekwisha kuupata harushiwi tena mpaka wote waupate, kwa hiyo hata yule aliyejibanza pembeni lazima atafutwe kwa jina lake. Mpira ukidondoka, mzunguko unaanza upya kwa wote na halaumiwi mtu. Wakishazoea, ongeza mpira wa pili. Mlezi naye aingie duarani, asisimame kando na filimbi.

Baada ya hapo cheza kubadilishana nafasi. Unatangaza, "Wote waliokula viazi asubuhi!" nao wanakimbia kubadilishana mahali. "Wote wanaojua kuchuma chai! Wote wenye mdogo anayelia usiku!" Mtoto wa Tukuyu na wa Kilolo wanagundua papo hapo kwamba wana kitu kimoja. Lakini chunga sana unachotangaza. Usiguse viatu, kazi ya baba, wala nani anaishi na wazazi wote wawili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulikuta zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima katika mikoa ya Njombe na Iringa wanaishi na VVU, na wapo watoto wanaolelewa na bibi kwa sababu wazazi wametangulia. Mchezo usimlazimishe mtoto kulitangaza hilo mbele ya wageni. Akijisemea mwenyewe jambo zito, msikilize faragha, usimhoji mbele za watu; na kama kuna dalili za ukatili, mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, bila malipo.

Tusiende mbali kutafuta michezo, maana kombolela tunayo. Mtafutaji analinda kopo huku akiwasaka waliojificha, waliokamatwa wanasubiri, halafu mmoja anachomoka mafichoni, analipiga kopo teke, na wote wanakuwa huru. Mara nyingi mkombozi huyo ni mtoto mdogo ambaye hakuna aliyemtilia maanani, na siku hiyo atashangiliwa na kundi zima. Kwangu mimi hakuna mchezo wa kuunganisha watoto unaoushinda huu. Kagua tu uwanja mapema, uondoe chupa na misumari, na uweke mipaka mbali na barabara na visima.

Kuanzia miaka kumi na moja hivi, wavulana na wasichana huona aibu kushikana mikono. Usiwalazimishe, wape kipande cha kitenge, kila mmoja ashike ncha yake.

Na yule anayekataa kabisa kucheza? Mwachie nafasi. Mpe kazi ya kutunza mpira au kuhesabu raundi, akae karibu ya kutosha kuwasikia wenzake wakiitana majina. Kila raundi mpya ikianza, muulize mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama angependa kuingia.