Ngoma Ikipanda "Kidogo Tu", Nguvu Yake Imepanda Mara Ngapi?

Hapa kliniki ya masikio Kisumu tunaona madere na makanga wa matatu wengi sana, na maneno yao huwa karibu yanafanana, eti ngoma ilipandishwa kidogo tu na abiria walikuwa wanaenjoi. Wala hawadanganyi, ni sikio lenyewe liliwaambia ni kidogo. Shida iko hapo, kwa sababu sikio halipimi nguvu ya sauti vile wengi tunadhani.

Ukipanda mathree ya Kondele angalia ile spika ya besi iko chini ya siti ya nyuma. Wimbo ukiwa wa pole koni inatikisika tu, ngoma ikipanda inaruka mbele na nyuma mpaka vumbi lililoikalia linarushwa juu. Koni ikisukuma hewa zaidi, presha ya hewa inapanda na kushuka kwa kiasi kikubwa zaidi, na hicho kiasi ndio tunaita amplitudo, yaani kimo cha wimbi. Nguvu ambayo wimbi linabeba kila sekunde kupita kwa mita moja ya mraba, hiyo nayo ni intensiti, na hivi vitu viwili havipandi sawa, amplitudo ikiwa mara mbili intensiti inakuwa mara nne, ikiwa mara tatu inakuwa mara tisa, ikiwa mara kumi inakuwa mara mia. Wavuvi wa Dunga wanaijua hii bila hesabu, wimbi la ziwa likija na kimo mara mbili linabeba nguvu mara nne, na mashua inaisikia.

Sasa kuna kitu cha tatu, ile sauti kubwa unayosikia wewe, ambayo inatengenezwa na sikio pamoja na ubongo. Hapa mambo yanapunguzwa sana. Intensiti ikipanda mara kumi, hiyo ni kuongeza desibeli 10 (desibeli ndio kipimo cha sauti), na wewe unasikia ni kama sauti imekuwa mara mbili hivi, sio mara kumi. Na ni vizuri Mungu alituumba hivyo kwa sababu kati ya sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima linaweza kushika, desibeli 0, na ile ya desibeli 120 inayoanza kuuma, amplitudo imepanda mara milioni moja na intensiti mara trilioni moja.

Hii hesabu iko na pesa ndani pia. Ukienda kununua amplifaya ya kanisa ama ya kukodisha kwa matanga, muuzaji akakwambia uache ya wati 100 uchukue ya 200 ndio sauti iwe mara mbili, jua tu kwa spika zile zile unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo watu wataisikia lakini kidogo. Kusikia mara mbili unahitaji kama wati 1,000, na hizo spika zako labda zitaungua kwanza.

Lakini zile seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, takriban 15,000 kila upande, zinaumizwa na nguvu inayoingia na muda inaingia, hazijali wewe ulisikiaje, na kwa binadamu zikikufa hazioti tena. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri desibeli 85 usizidishe saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, kwa hivyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 peke yake. Sheria yetu ya viwandani ya 2005 inaruhusu mpaka desibeli 90 kwa saa 8, na mimi naona hiyo ni juu sana, ningependa tufuate 85. Chukua makanga aliyezoea 85 akapandisha hadi 95. Yeye anasikia mara mbili, nguvu imekuwa mara kumi, na saa zake 8 zimebaki dakika 48 hivi, na bado anapiga kazi kutoka asubuhi mpaka usiku.

Aina ya sauti pia inabadilisha vile unasikia. Sikio letu liko kali zaidi kwa sauti za kati ya hezi 2,000 na 5,000 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde), ndio maana grainda ya fundi wa Kibuye inakukata masikio, na besi yenye intensiti hiyo hiyo unaiona iko pole. Kwa hivyo "haijanisumbua" sio kipimo.

Kitu kinasaidia bila gharama ni umbali. Kwa uwanja ulio wazi, ukitoka mita 2 kutoka kwa spika ukaenda mita 4 intensiti inabaki robo, umepunguza desibeli 6 na muda wako salama umekuwa mara nne. Kwa matanga wekeni spika mbali na pale wazee na watoto wanakaa. Ndani ya gari hiyo haifanyi kazi vizuri kwa sababu sauti inagonga bodi na vioo inarudi, hapo ni kushusha tu, na mama ukiwa na mtoto kwa ile siti ya nyuma mwambie konda akubadilishie ama ashushe ngoma kabla gari itoke steji.