Ritani ya pamoja ikikataliwa, msigawanye pato kwa mbili

Wanandoa wengi nchini Marekani huamini kwamba ritani yao ya kodi ikikataliwa mtandaoni, basi IRS, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, imewashuku. Sivyo. Mara nyingi mfumo umeshindwa tu kuwatambua, na ritani hiyo huhesabiwa kuwa haijawasilishwa.

Kinachowakwamisha wengi ni AGI ya mwaka uliopita, yaani pato baada ya marekebisho, ambayo hutumika kuthibitisha sahihi zenu. Tuseme mwaka jana mliwasilisha pamoja, na mstari wa 11 wa fomu 1040, ile ya ritani yenyewe, ulionyesha dola 64,000. Mume aandike 64,000, na mke naye aandike 64,000 hiyo hiyo. Wengi huigawa, kila mmoja akaweka 32,000, na ritani hurudi. Inasikitisha, maana kodi yenyewe walikuwa wameipiga hesabu sawasawa. Mliowasilisha kila mtu peke yake, kila mmoja atumie AGI yake. Ikiwa ritani ya mwaka jana ilichelewa kushughulikiwa, andikeni 0.

Aliyebadili jina baada ya ndoa ahakikishe linalingana na rekodi za Social Security, yaani hifadhi ya jamii. Na msihangaike: ritani iliyotumwa kwa wakati ikikataliwa siku ya mwisho, mna siku 5 za kuirekebisha na kuituma tena.