Je, wajua kwa nini aliyekariri desa zima, yaani nukuu za darasani, bado anaweza kufeli mtihani wa mbinu za utafiti wa mawasiliano?

Chukua swali la aina hii, ambalo halikosi kwenye karatasi za kozi hii: “Mchezo wa redio unaohimiza uzazi wa mpango umerushwa kwa miaka miwili. Waliousikiliza wanatumia uzazi wa mpango zaidi ya wasiousikiliza. Je, mchezo ndio uliosababisha? Jadili. Alama 15.”

Mwanafunzi aliyepiga msuli usiku kucha anashika kalamu kwa furaha. “Utafiti ni mchakato wenye utaratibu wa kukusanya na kuchambua taarifa…” Ukurasa wa kwanza unaisha akiwa bado anafasili. Wa pili unaorodhesha aina za sampuli, wa tatu faida na hasara za dodoso. Hakuna kosa hata moja, na hakuna jibu. Anapata alama nne, kisha anawaambia wenzake kwamba mwalimu ana lake jambo.

Kozi nyingi za mawasiliano zinamlipa anayekumbuka: nani alileta nadharia gani, lini, na hoja zake kuu ni zipi. Hii inamlipa anayeshuku. Karibu kila swali lake la insha, ukilivua mapambo, linabaki swali moja: je, matokeo haya yangeweza kuletwa na kitu kingine? Uhalali (kupima kile ulichokusudia), kuaminika (kupata jibu lile lile ukipima tena), kundi linganishi (wasioguswa na jambo linalochunguzwa), sampuli nasibu (kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa), yote hayo ni majina ya njia mbalimbali za kulijibu. Ukiyakariri bila swali lenyewe, unabeba majibu ya kitu ambacho hukuulizwa.

Ndiyo maana ninaona ni heri mwanafunzi aujue utafiti mmoja mpaka uvunguni kuliko kupitia juu juu sura kumi na mbili za kitabu. Na utafiti wa kufanyia kazi hiyo tunao hapa hapa Tanzania.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliobeba uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI ndani ya mikasa ya kifamilia. Waliokuwa na akili zao wakati ule wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia, na mkewe Tunu. Vituo saba vya redio hiyo Tanzania Bara viliurusha. Kituo cha nane, cha Dodoma, kilirusha vipindi vingine katika muda huo hadi mwaka 1995, ndipo nako ukaanza kusikika. Kuanzia 1993 hadi 1997 watafiti, akiwemo Everett Rogers, yule wa nadharia ya mtawanyiko wa uvumbuzi, walihoji kila mwaka kaya zipatazo 2,750 katika maeneo yote mawili. Zaidi ya hapo walikusanya taarifa za wateja wapya wa uzazi wa mpango katika vituo vya afya 79. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: mchezo uliongeza matumizi ya uzazi wa mpango, na ulifanya wanandoa wazungumze mambo ambayo awali hawakuyagusa.

Sasa funga daftari ujiulize: Dodoma iliachwa ya nini?

Fikiri isingeachwa. Mwaka 1993 matumizi ya uzazi wa mpango yako chini, mwaka 1995 yamepanda. Mtu anashangilia mchezo. Lakini katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mabango, semina, wahudumu wa afya, mahubiri, maisha yanayozidi kupanda bei. Lolote kati ya hayo lingeweza kupandisha namba. Dodoma nayo ilipitiwa na mengi ya hayo, ila haikuwa na Mkwaju. Kwa hiyo badiliko lililotokea Dodoma ni kipimo cha yale ambayo yangetokea hata bila mchezo, na kinachozidi hapo kwenye maeneo mengine ndicho kinachoweza kudaiwa na redio. Mtu akishaelewa hilo, kigeu huru (kurushwa kwa mchezo) na kigeu tegemezi (matumizi ya uzazi wa mpango) havimsumbui tena. Anaviona.

Endelea kushuku. Kwa nini wasingelinganisha tu wasikilizaji na wasiosikiliza ndani ya Morogoro peke yake? Kwa sababu mwenye redio na betri za kuiendesha si sawa na asiye nayo. Huenda ana kipato zaidi, amesoma zaidi, yuko karibu na zahanati. Huenda pia mtu aliyekwisha kuamua kupanga uzazi ndiye anayevutiwa na mchezo wa namna hiyo, yaani uamuzi ukatangulia usikilizaji. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la alama 15 nililoanza nalo, na linaandikika katika ukurasa mmoja na nusu.

Kisha ugeukie utafiti wenyewe, maana nao si msahafu. Watu hawakugawiwa mmoja mmoja kwa kura, huyu asikie na yule asisikie. Kilichogawanya ni mawimbi ya kituo cha redio. Kwa hiyo tofauti za tangu mwanzo kati ya Dodoma na kwingineko haziwezi kupuuzwa, na ndiyo sababu hatuuiti jaribio kamili bali jaribio nusu (quasi-experiment). Tena watu husafiri. Mgogo aliyekwenda Dar es Salaam kwa ndugu zake akarudi na hadithi ya Mkwaju tayari amelichafua kidogo eneo linganishi. Na dodoso la kaya lina udhaifu wake: mtu akiulizwa na mgeni mwenye karatasi kama anapanga uzazi, anaweza kujibu anachodhani mgeni anataka kusikia. Hapo utaona kwa nini zile taarifa za vituo vya afya zilikuwa muhimu. Na mwaka 1995 Dodoma ilipofunguliwa, watafiti walipata nafasi ya pili ya kuangalia kama mabadiliko yangefuata huko pia.

Utafiti mmoja, na tayari tumegusa nusu ya mtaala.

Nusu nyingine ina hesabu, na hesabu ndiyo inayowakimbiza watu wa mawasiliano. Aliyewahi kufungua tasnifu chache za vyuo vya ukanda wetu ameshakutana na namba 384 kama idadi ya watu wa kuhojiwa. Wengi wanainakili tu. Inatoka hapa: 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili, jibu ni 384.16. Ile 1.96 ni kwa ajili ya kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Zile 0.5 mbili ni hali mbaya kuliko zote, pale watu wanapogawanyika nusu kwa nusu. Na 0.05 ni kosa la asilimia tano unalokubali kulibeba. Angalia kisichokuwepo: idadi ya watu wa mji au nchi. Hata kanuni ya Yamane, ambayo inaihesabu idadi hiyo, inakupa sampuli ya 385 kwa watu 10,000 na 400 kwa watu milioni moja. Umeongeza watu 990,000, sampuli imekua kwa 15 tu. Mwalimu akiuliza “kwa nini sampuli ndogo inaweza kuwakilisha taifa zima,” anaulizia hapo.

Lakini kanuni hiyo inadai sampuli iwe nasibu. Watu 384 waliokamatwa getini Kariakoo saa nne asubuhi hawaokolewi na kanuni yoyote. Kisa kinachotumika duniani kote ni cha jarida la Marekani, Literary Digest, ambalo mwaka 1936 lilituma karatasi za kura milioni 10 hivi, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa ukata mkubwa, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na waliozitupa. George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi sahihi. Kumbuka sababu zote mbili, orodha mbaya na kutojibu. Wengi huandika ya kwanza tu.

Kuhusu namna ya kusoma, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo kila mwenye desa angefaa alijue. Wanafunzi walisoma vifungu vya habari. Vingine walivisoma mara ya pili. Vingine, baada ya kuvisoma mara moja, walivifunika wakaandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano, kurudia kusoma kulionekana bora. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: vile vilivyorudiwa kusomwa vilikumbukwa kwa asilimia 42, vile vilivyojaribiwa kwa asilimia 56. Ndiyo maana kurudia desa kunadanganya. Usiku ule ule unahisi umeiva kabisa, na hisia hiyo ni ya kweli kwa dakika tano. (Jaribio hilo lenyewe ni zoezi zuri: kigeu huru kipi, na kwa nini walipima baada ya muda zaidi ya mmoja?)

Kwa hiyo chukua karatasi za mitihani iliyopita, funika majibu, andika yako, halafu mweleze mwenzako kwa Kiswahili cha kawaida. Sentensi za Kiingereza zilizokaririwa zinaweza kutoka mdomoni nzima nzima bila mtu kuelewa alichosema. Ukishindwa kumweleza rafiki wa kozi ya uhasibu Dodoma iliachwa ya nini, bado hujaelewa.

Uchambuzi wa maudhui, yaani kuyapanga na kuyahesabu yaliyomo kwenye habari, kwa upande wake hausomeki, unafanyika. Wewe na mwenzako chukueni habari 20 za kurasa za mbele za magazeti, kila mmoja aziweke kwenye makundi peke yake: imeegemea upande wa serikali, au haikuegemea. Tuseme mmekubaliana katika 16, yaani asilimia 80. Msifurahi mapema. Kukiwa na makundi mawili yanayotumika sawa, hata mkirusha shilingi mtakubaliana nusu ya mara kwa bahati tu. Kipimo cha makubaliano kiitwacho Kapa ya Cohen kinaondoa bahati hiyo: 0.8 toa 0.5, gawanya kwa 1 toa 0.5, mnapata 0.6. Kisha zirudieni zile nne mlizotofautiana, mtafute ni neno gani katika maelekezo yenu kila mtu alilielewa kivyake, mliandike upya. Jaribio la pili lifanyeni kwa habari 20 nyingine, maana zile za kwanza mshazibishania na majibu yake mnayo kichwani.